Mlango, Roshani na Neno "Yeye"

Fenesi, shelisheli na nanasi ni matunda tuliyoyazoea mno visiwani hata hatujiulizi yameumbwaje. Wataalamu wa mimea wanatufunza kwamba kila moja kati ya hayo si tunda la ua moja, bali ni maua mengi yaliyokua pamoja, yakashikana, yakawa mwili mmoja. Tunda la namna hiyo wamelipa jina lenye asili ya Kigiriki, sorosis. Mwezi wa Machi 1868, mjini New York, wanawake wachache waliokuwa wakila kwa jasho la kalamu zao walilichukua jina hilo wakaipa klabu yao. Ni kisa gani kilichowafanya waandishi na washairi wajiite kwa jina la tunda la jamii ya fenesi? Jibu lake linaifungua tarehe ndefu, ambayo mojawapo ya kurasa zake za karibuni iliandikwa London mwaka 2024, pale klabu ya watu wakubwa ilipobishana juu ya maana ya kiwakilishi kimoja cha nafsi.

Kisa kilianza na karamu. Charles Dickens alikuwa akikamilisha safari yake ya pili ya Marekani, akisoma hadithi zake mbele ya kumbi zilizofurika watu. Klabu ya waandishi wa habari ya New York iliamua kumfanyia karamu ya kumuaga katika mkahawa wa Delmonico's, na siku ikawekwa kuwa 18 Aprili 1868. Miongoni mwa walioomba tiketi alikuwamo Jane Cunningham Croly, ambaye wasomaji walimjua kwa jina lake la kalamu, Jennie June. Alikuwa mwandishi wa magazeti wa miaka mingi, na mumewe alikuwa mhariri. Hakuomba kufadhiliwa, alitaka kununua tiketi kama alivyoinunua mwandishi mwingine yeyote. Akanyimwa, na sababu ilikuwa moja tu, kwamba yeye ni mwanamke.

Croly na wenzake hawakukesha mlangoni wakibisha hodi. Waliunda Sorosis, na mwenyekiti wake wa kwanza akawa mshairi Alice Cary, mzaliwa wa vijiji vya karibu na Cincinnati, ambaye mashairi yake na ya mdogo wake Phoebe yalisomwa sana katika zama zile. Hapa historia inatuonesha jambo la kutafakari. Nyumba ya akina Cary mjini New York ilikuwa na baraza la Jumapili jioni, ambako waandishi wanaume kwa wanawake walikutana na kuzungumza. Mmoja wa wageni wa mara kwa mara wa nyumba hiyo alikuwa Horace Greeley, mhariri wa gazeti la New York Tribune, naye ndiye aliyeikalia kiti karamu ya Dickens. Nyumbani kwa mwanamke mshairi, mhariri alikunywa chai na kusikiliza beti. Katika karamu ya klabu, mwanamke mwandishi hakuwa na kiti. Chuki haikuwa na nafasi hapo, kwani watu hawa walikuwa marafiki. Lililokuwapo ni desturi, na desturi haihitaji chuki ili iumize.

Inasimuliwa pia jinsi pande mbili zile zilivyopatana. Klabu ya waandishi iliwaalika wanawake wa Sorosis kwenye kifunguakinywa. Wakaenda, wakala, wakasikiliza hotuba baada ya hotuba, na hakuna hata mmoja wao aliyepewa nafasi ya kusema. Baada ya muda nao wakawaalika waungwana wale kwenye chai. Wakaja, wakanywa, wakasikiliza hotuba za wanawake watupu, na wao wasipewe fursa ya kufungua kinywa, hata kushukuru. Mwaliko wa tatu ulikuwa wa karamu ambayo kila upande ulijilipia na kila upande ukasema. Mshairi wetu wa kujibizana angeuelewa mchezo huo mara moja: hoja imejibiwa kwa bahari ileile na mizani ileile.

Sorosis haikubaki klabu ya mji mmoja. Mwaka 1889 iliziita klabu nyingine za wanawake mkutanoni, na mwaka 1890 likazaliwa shirikisho kuu la klabu za wanawake wa Marekani. Lakini mwandishi wa tarehe akilisifu shirikisho hilo na kunyamaza, atakuwa amesema nusu ya kweli. Mwaka 1900 mkutano wa shirikisho ulikaa Milwaukee. Akafika Josephine St. Pierre Ruffin, mwanamke mweusi wa Boston, mhariri na mwanzilishi wa klabu ya wanawake weusi iliyoitwa Woman's Era. Aliambiwa kuwa anaweza kuketi kama mjumbe wa chama cha wanawake weupe ambacho naye alikuwa mwanachama wake, ila si kama mjumbe wa klabu yake mwenyewe. Ruffin alikataa. Walionyimwa tiketi ya karamu sasa walikuwa na mlango wao, na walikwisha jifunza kuufunga.

Tuhamie Washington. Klabu ya Taifa ya waandishi wa habari iliundwa huko mwaka 1908, na wanawake hawakuruhusiwa kujiunga. Mwaka 1919 wakaunda klabu yao. Mtu angeweza kusema basi yamekwisha, kila mmoja ana kwake. Yangekwisha kama klabu ya wanaume ingekuwa mahali pa kucheza karata na kupumzika. Lakini marais wa nchi, mawaziri na wageni wa dola walikwenda kuhutubia pale wakati wa chakula cha mchana, na maneno yao ndiyo yaliyokuwa habari ya kesho yake. Mwandishi aliyekosa kuwapo alikosa habari, na mwandishi anayekosa habari hukosa kazi.

Mwaka 1955 klabu ilitafuta suluhu: wanawake waruhusiwe kupanda roshani ya ukumbi. Huko juu walisimama wakibanana kati ya kamera na taa kali za televisheni, daftari mkononi, wakiwatazama wenzao wa kiume waliokaa chini wakila. Hawakupewa chakula, na hawakuruhusiwa kumuuliza mgeni swali hata moja. Mwaka huohuo klabu ilimkubali mwanachama wake wa kwanza mweusi, Louis Lautier. Kizuizi kimoja kilianguka na kingine kikajengewa ngazi ya kupandia.

Agosti 1963 roshani hiyo iliingia katika historia kwa njia nyingine. Siku mbili kabla ya maandamano makubwa ya haki za raia ya tarehe 28 mjini Washington, kiongozi wake mkuu, mzee A. Philip Randolph, alikwenda kuhutubia katika klabu ile. Waandishi wanawake walikuwa wamemwomba asikubali mwaliko wa mahali ambapo wao watawekwa juu. Miongoni mwa waliomwandikia alikuwa Pauli Murray, mwanamke mweusi, mwanasheria, na pia mshairi ambaye diwani yake ilitoka mwaka 1970. Murray alimkumbusha mzee huyo kwamba kupandishwa roshani hakuna tofauti na kuketishwa nyuma ya basi. Randolph alikwenda, akahutubia. Hatumtaji ili kumvunjia heshima mtu aliyeutumia umri wake mzima kuwatetea wanyonge. Tunamtaja kwa kuwa kisa chake kinatufunza jinsi mtu anavyoweza kuujua vyema uchungu wa mlango uliofungiwa yeye, asiuone ule aliofungiwa mwingine.

Klabu hiyo ilipiga kura ya kuwapokea wanawake mwaka 1971. Roshani ikabaki roshani tu.

Hadi hapo mabadiliko yalitokana na aibu, ushawishi na subira. Mahakama iliingia kwa kishindo kupitia mji mdogo wa California uitwao Duarte, na kupitia Rotary, chama kilichoanzishwa Chicago mwaka 1905. Rotary ilikuwa imeenea dunia nzima, na Nairobi ilikuwa na klabu yake tangu mwaka 1930. Katiba yake ilisema mwanachama awe mwanamume. Klabu ya Duarte ilikuwa ndogo, na watu wake walikuwa wakipungua. Mwaka 1977 ikawaingiza wanawake watatu: Mary Lou Elliott, Donna Bogart na Rosemary Freitag. Makao makuu yalipopata habari yaliifutia klabu uanachama, mwaka 1978.

Watu wa Duarte hawakutawanyika. Waliendelea kukutana na kufanya kazi zao za hisani, wakijiita klabu iliyokuwa ya Rotary, na juu ya beji yenye alama ya gurudumu walichora alama ya mkato. Wakaenda mahakamani. Mwaka 1983 walishindwa katika mahakama ya kwanza. Mwaka 1986 mahakama ya rufaa ya California ikawapa haki, kwa kuitegemea sheria ya jimbo hilo inayozikataza taasisi za kibiashara kubagua kwa jinsia. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu kabisa ya Marekani, na tarehe 4 Mei 1987 ikatolewa hukumu. Majaji saba walioshiriki walikubaliana wote kuwa Duarte ilikuwa na haki. Wawili hawakushiriki, mmoja wao akiwa Sandra Day O'Connor, mwanamke pekee aliyekuwa katika mahakama hiyo wakati ule. Uamuzi juu ya mlango wa wanawake ukaandikwa na wanaume watupu.

Hukumu hiyo, iliyoandikwa na Jaji Lewis Powell, inafaa kusomwa na kila anayependa kupima maneno, kwa kuwa swali lake kubwa ni maana ya neno moja: faragha. Rotary ilidai kuwa mtu ana haki ya kuchagua wa kusuhubiana naye, na serikali haina ruhusa ya kumpangia. Mahakama haikuipuuza hoja hiyo. Ilikiri kuwa iko faragha ambayo sheria haipaswi kuigusa, nayo ni ya ndoa, ya aila, ya masahibu wachache wanaojuana siri zao. Kisha ikauliza maswali manne. Je, kundi hili ni kubwa kiasi gani? Limekusanyika kwa lengo gani? Linawachagua wanachama wake kwa uangalifu gani? Na je, mambo yake yanafanyika mbali na macho ya watu wa nje?

Majibu hayakuisaidia Rotary. Klabu zake zilikuwa na wanachama wasiofika 20 mahali pengine, na zaidi ya 900 mahali pengine. Kila mwaka sehemu moja ya kumi ya wanachama ilitoka na wengine wakaingia. Wageni walikaribishwa mikutanoni, na magazeti yakahimizwa kuandika habari zake. Na lengo lake lilikuwa kuhudumia jamii na kuwakutanisha watu wa kazi mbalimbali. Jambo la namna hiyo, ikasema mahakama, halifanani na aila. Isitoshe, kumpokea mwanamke hakukuizuia klabu kusema ililokuwa ikilisema, wala kutenda mema iliyokuwa ikiyatenda. Na hata kama kungeipunguzia kitu kidogo, jimbo lilikuwa na sababu nzito zaidi: mafunzo ya uongozi na mafahamiano ya kazi yanayopatikana ndani ya klabu ni riziki, na riziki haigawiwi kwa jinsia.

Miaka mitatu kabla, mwaka 1984, mahakama hiyohiyo ilikuwa imeamua vivyo hivyo katika shauri la Jaycees, chama cha vijana wa kazi na biashara, lililoanzia Minnesota. Na mwaka mmoja baadaye, 1988, ikaidhinisha sheria ya jiji la New York iliyotungwa mwaka 1984. Sheria hiyo ilisema klabu yenye wanachama zaidi ya 400, inayotoa chakula mara kwa mara, na inayopokea fedha kutoka kwa wasio wanachama kwa ajili ya shughuli za biashara, haiwezi kujiita ya faragha. Mantiki yake ni nyepesi: ikiwa mwajiri ndiye anayelipia ada na mlo wa mwanachama, basi ile si sebule, ni ofisi yenye viti vizuri. Mwaka huo huo klabu ya Century, iliyoundwa mwaka 1847 na wasanii na waandishi, mshairi William Cullen Bryant akiwa mmoja wao, ikawapokea wanawake.

Ama Rotary yenyewe, mwaka 1987 klabu ya Duarte iliongozwa na Sylvia Whitlock, mwanamke mweusi na mwalimu mkuu wa shule, akawa mwanamke wa kwanza kuwa rais wa klabu ya Rotary. Hukumu ya Marekani haikuwa na nguvu nje ya Marekani. Lakini mwaka 1989 baraza la kutunga kanuni la chama hicho lililifuta sharti la uanaume kwa klabu zote duniani, na kwa hivyo kwa klabu za Nairobi, Kampala na Dar es Salaam pia. Mwaka 2022 Jennifer Jones wa Kanada akawa mwanamke wa kwanza kukiongoza chama kizima, miaka 117 tangu kuanzishwa kwake.

Uingereza, walikozaliwa mababu wa klabu hizi zote, ilichukua njia nyingine. Sheria ya usawa ya huko ya mwaka 2010 inaruhusu chama kuwa cha wanaume tu au cha wanawake tu. Kwa hiyo kila klabu iliachiwa dhamiri yake. Reform ilifungua mwaka 1981, Athenaeum mwaka 2002. Garrick, iliyoundwa mwaka 1831 na kupewa jina la mwigizaji David Garrick, ilikawia. Ilikuwa maskani ya waigizaji na waandishi, na pia ya majaji na wakuu wa serikali. Mwanamke aliweza kuingia kama mgeni wa mwanamume, asiweze kuingia kwa jina lake. Mwaka 2015 zaidi kidogo ya nusu ya waliopiga kura walitaka wanawake waingie, lakini ilihitajika theluthi mbili ili kanuni ibadilishwe.

Machi 2024 majina ya wanachama wengi yalitangazwa gazetini. Mkuu wa idara ya ujasusi wa nje na mkuu wa watumishi wa umma walijiuzulu uanachama. Na hapo ndipo wanasheria walipouliza swali ambalo lingemfurahisha mshairi: je, kanuni zinahitaji kubadilishwa kweli? Hakuna mahali zilipoandika kuwa mwanamke amekatazwa. Zilimtaja mwanachama kwa kiwakilishi cha kiume tu. Na sheria ya mali ya Uingereza ya mwaka 1925 inasema kuwa katika hati na mikataba, lafudhi ya kiume hujumuisha ya kike. Mlango uliodhaniwa kuwa na kufuli kwa miaka 193 haukuwa umefungwa. Watu walikuwa hawajausukuma. Tarehe 7 Mei 2024 wanachama walilipigia kura fasiri hiyo, na karibu asilimia 60 wakaikubali. Wanawake wa kwanza walioingia walikuwa Judi Dench na Siân Phillips, wote wawili waigizaji.

Msomaji wa Kiswahili hawezi kukipita kisa hiki bila kutabasamu. Lugha yetu haina nafsi ya tatu ya kiume na ya kike. Tukisema "yeye", tukisema "ameingia", hakuna ajuaye kama aliyeingia ni bwana au bibi hadi tumtaje. Shauri la Garrick lisingeweza kuzuka katika kanuni zilizoandikwa kwa Kiswahili. Lakini tusijisifu haraka. Mwaka uleule wa 1905 ulioiona Rotary ikizaliwa Chicago, hapa Unguja ilizaliwa Nadi Ikhwani Safaa, na ilianza ikiwa nadi ya wanaume. Sauti iliyokuja kuutangaza mji huu ng'ambo ilikuwa ya Siti binti Saad, muuza vyungu wa Fumba, ambaye mwaka 1928 alirekodi santuri Bombay pamoja na wapigaji wake. Kiwakilishi kilikuwa wazi tangu azali. Desturi haikukihitaji ili ifanye kazi yake.

Wako watakaouliza: je, basi kila mkusanyiko wa jinsia moja ni dhuluma? Je, lelemama nayo ipelekwe mahakamani? Nadhani maswali manne ya Duarte yanatosha kutujibu. Watu wana haki ya mahali pa kucheka na wenzao, kuombolezea maiti wao, kufundana mambo ya utu uzima. Sebule iheshimiwe. Ila tuangalie kinachogawiwa mle ndani. Kikigawiwa kicheko, tuwaache na kicheko chao. Vikigawiwa vyeo, kandarasi, habari za dola na majina ya watakaokumbukwa na vizazi, basi mahali hapo ni soko, hata kama pana zulia na kahawa, na soko ni la watu wote.

Croly alilijua hilo mwaka 1868. Hakumlilia Dickens, mwandishi huyo alikwisha msoma, na hakuhitaji karamu ili amsome tena. Alichokitaka ni kuwapo pale ambapo watu wa kalamu wanatambuana kuwa ni watu wa kalamu. Alipokosa, alilitafuta jina la tunda ambalo kila ua lina sehemu yake katika mwili mmoja. Nasi tunaokata fenesi kila msimu tunajua kwamba haliliwi na mtu mmoja peke yake. Huwekwa kati, na kila aliyepo akanyoosha mkono.